Mbuzi Niliyechelewa Kumpeleka Nkoma

Tangu nirudi, hakuna baiskeli inayoletwa kwenye kibanda changu hapa Dutwa bila mwenye nayo kuuliza, "Haya Shija, Dodoma ilikuwaje?" Nimesimulia nikiwa nimeshika pampu, nimesimulia nikinyoosha rimu, na kila mara naishia katikati, ama mteja ana haraka ama mwingine amefika. Sasa nimeandika yote. Anayetaka kujua akae kwenye lile gogo asome, akimaliza baiskeli yake itakuwa tayari.

Baba mkwe wangu wa Nkoma alikuwa mgambo. Vita vya Kagera vilipoanza alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa huku, akapigana mpaka mwisho, akarudi na kovu la risasi pajani na cheti cha vita alichokihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Miaka yote iliyofuata alilima pamba huku akisubiri waliopigana wakumbukwe. Amefariki mvua za mwaka jana, bado anasubiri. Miezi michache baadaye mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba wapiganaji wa zamani, pamoja na wajane wa waliokufa, waende Dodoma wakahakikiwe ili waingizwe kwenye mafao ya kila mwezi. Mjane aliyeolewa kimila, kwa ng'ombe bila cheti cha ndoa, aende na shahidi mmoja wa familia.

Mama mkwe wangu alikuwa anayategemea mafao hayo kwa jambo moja tu. Alitaka abaki kwenye mji wake, yaani nyumba na shamba lake la Nkoma, karibu na kaburi la mumewe. Vijana wake wawili walishahamia Rukwa na ng'ombe, na huko waliko simu inashika mtu akipanda kilima. Wao walitaka awafuate, yeye hataki. Kuja kukaa kwangu ndiyo ilikuwa haiwezekani kabisa. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni na hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Nimemuoa Minza miaka ishirini na miwili, na nilikuwa sijawahi kuyaona meno ya mama yake.

Miiko hii ina namna ya kuondolewa. Mkwe anapeleka mbuzi, mama mkwe anapika, wanakula sahani moja mbele ya wazee, basi, wamekuwa kama mtu na mwanawe. Baba mkwe aliniambia mara nyingi, "Baba Kabula, lete mbuzi tumalize haya mambo. Mimi nikifa, nani atamsimamia huyu mama?" Nikamjibu, nikishauza pamba. Pamba ikauzwa, mbuzi hakwenda. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Wakati huo hapa kibandani najisifu kwamba mimi na mama mkwe hatujawahi kusogeleana hata hatua tano, eti ndiyo heshima. Ulikuwa uvivu, na ubahili kidogo.

Minza alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, daktari amemkataza kukaa kwenye basi. Muda wa uhakiki ulikuwa unakwisha. Shahidi nikabaki mimi.

Nkoma hadi Bariadi

Tulichukua bodaboda mbili. Yangu ikawa nyuma kabisa, nakula vumbi la yake, kwa sababu ningetangulia angelazimika kunitazama mgongo njia nzima. Vijana wa bodaboda walikuwa Wasukuma, hawakuuliza kitu. Mmoja alicheka tu, "Mzee leo utakuwa mwekundu kama tofali."

Kabla ya kufika lami, pikipiki yake ikapata pancha. Dereva hana vifaa, na fundi ndiye mimi, nisiyetoka nyumbani bila gundi na viraka. Kumbe ni lazima nisogee pale alipo. Kabla sijashuka vizuri alikuwa ameshajifunika kanga kichwani, ameingia kwenye shamba la pamba, amekaa chini na kutugeuzia mgongo. Nikaziba ile pancha haraka haraka, macho chini. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua ishirini ndipo akatoka. Tulifika stendi ya Bariadi basi limeshawashwa.

Bariadi hadi Shinyanga

Tiketi zilikuwa za viti viwili vya pamoja. Hilo sikulifikiria. Mama mkwe alikaa dirishani, mimi nikasimama kwenye njia ya katikati kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Mzee kaa na mama yako, gari inaondoka," kondakta akasema.

"Siyo mama yangu. Ni mkwe."

"Sasa mkwe si ndo mama? Kaa bwana, usituletee ishu."

Mzee mmoja wa Maswa akanyanyuka bila kuambiwa. Akamsalimia mama, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, akaniashiria kiti chake kule nyuma, juu ya tairi. Yeye akaenda kukaa kwangu. Alishuka Maswa, na nafasi yake ikachukuliwa na mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa anarudi kwao Singida baada ya kuuza mafuta ya alizeti. Jina lake sikulipata, nilimwita Mama Alizeti. Kabla hatujaingia Shinyanga alikuwa ameshajua habari zetu zote, na akajipa kazi ya kuwa mdomo wetu.

"Baba Kabula!" anapaza sauti basi zima linageuka. "Mkwe wako anauliza kama kile kitambulisho umekibeba!"

"Mwambie ninacho."

"Anacho, mama, tulia."

Nilifurahi sana kwa huyo mama. Nilidhani safari itakuwa nyepesi.

Shinyanga hadi Singida

Tinde tukasimama kula. Nilinunua wali na maharage sahani mbili, moja nikampa Mama Alizeti ampelekee. Mama mkwe akaiweka mapajani, hagusi. Ningekuwa ndani ya upeo wa macho yake, asingekula. Basi nikachukua sahani yangu nikaenda kulia nyuma ya vyoo, nimesimama, nzi wananisaidia. Basi likapiga honi, likaanza kuondoka, nikalikimbilia na kijiko mkononi. Watu walicheka mpaka Nzega.

Lakini kule kwenye mlima wa Sekenke hakuna aliyecheka. Basi lilikata mkanda wa injini, tukakaa juani saa tatu nzima tukisubiri wa kuletwa kutoka Igunga. Kivuli kilikuwa kimoja, cha basi lenyewe, na abiria wote wamejibanza humo, mama mkwe akiwa katikati yao. Mimi nikazunguka upande wa pili, nikasimama juani.

Jamaa mmoja aliyevaa koti la suti akanifuata. "Wewe mzee, tumekuangalia tangu asubuhi. Bibi wa watu hukai naye, chakula unampa kwa mikono ya watu, sasa unamkimbia. Umemtoa wapi?"

"Ni mkwe wangu. Namheshimu."

"Hiyo ndiyo heshima?" Akanitazama kama anatazama mwizi, akarudi kivulini kuwaeleza wenzake. Niliumia, ila nikajiambia ni mgeni, hajui mila zetu. Laiti ningemsikiliza vizuri, maana yaliyokuja kunikuta Dodoma alinionyesha yeye kwanza.

Baadaye Mama Alizeti alizunguka akaja na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo mama mkwe huvitengeneza mwenyewe. "Anasema ule. Na anasema ujifunike kichwa." Akanipa na kanga. Nikaivaa kichwani, mtu mzima mimi, nikatafuna matobolwa pembeni mwa barabara.

"Amenihadithia habari za mume wake," Mama Alizeti akaendelea, sauti sasa iko chini. "Ulijua kwamba ile risasi ilimpata akimvuta mwenzake aliyeanguka? Na huyo mwenzake akafa vilevile. Anasema mpaka uzee mzee alikuwa anaamka anamwita yule mtu kwa jina."

Sikujua. Nimekaa kwenye ukoo huu miaka ishirini na miwili, na habari hiyo nikaipata kwa muuza mafuta wa Singida. Nilijisikia vibaya, nikageuka kutazama magari.

Alishuka Singida na madumu yake matupu. Alimkumbatia mama mkwe, akanijia mimi. "Sasa mtaongeaje nyie?"

"Tutajua tu," nikamwambia.

Singida hadi Dodoma

Tulikwenda bila wa kutusemea mpaka karibu na Manyoni. Nilikuwa nimehamia kiti cha nyuma yake. Ghafla nikamsikia anaongea na kikapu chake kilichokuwa mapajani.

"Wewe kikapu, sijui bado mbali?"

Nikavua kofia, nikaitazama. "Kofia, Manyoni ndiyo hii inakuja. Jua likizama tutakuwa Dodoma."

"Kikapu, na huko tutalala wapi?"

"Kofia, kuna gesti karibu na stendi, vyumba viwili, kila mtu na chake."

Hivyo ndivyo tulivyofika makao makuu ya nchi, kikapu kikiuliza na kofia ikijibu. Dada aliyekaa pembeni yake alihama kiti. Mimi nilikuwa naona tumefanya jambo la akili.

Dodoma

Ofisi yenyewe sitaitaja, wala aliyetuhudumia sitamsema vibaya. Alikuwa kijana wa miwani, mpole, anasimama akizungumza na wazee. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Ukumbini walikuwepo wazee wa kila namna, wengine na nishani kifuani, mmoja hana mkono, na wajane wengi wenye mabahasha. Mama mkwe alikaa mwanzo wa benchi la ukutani. Mimi nikakaa benchi lingine, mwisho kabisa, nimeelekea dirishani. Chai ilipoletwa nikageukia ukuta nikanywa. Mara mbili alikiuliza kikapu kama zamu yetu imekaribia, na mara mbili kofia ikamjibu. Yule kijana alikuwa anapita na mafaili, akasimama, akatutazama muda mrefu.

Wiki hiyo, nilikuja kuambiwa baadaye, walikuwa wamewakamata matapeli waliokuwa wakiokota bibi vijijini, wanawafundisha majina ya marehemu na kuwaleta kama wajane.

Yule kijana alituita pamoja lakini akatuweka vyumba viwili vyenye mlango wazi katikati. Akaanza na mimi.

"Huyu mama ni nani kwako?"

"Mkwe wangu. Nimemuoa binti yake."

"Anaitwa nani?"

Nikatazama mlangoni. Mama mkwe alikuwa hatua sita kutoka pale, nauona ukingo wa kanga yake. Kulitaja jina lake akinisikia kwetu ni sawa na kumvulia nguo.

"Naomba kalamu niandike."

"Sijakuomba uandike, mzee. Taja tu."

"Kwetu hatutaji."

"Jina la mkwe wako hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

Nilifikiria kaburi la Nkoma, nikamfikiria mzee na kopo lake la maziwa. Mwishowe nikalitaja, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Kule chumba cha pili kanga ikavutwa juu, ikafunika kichwa chote.

"Umechukua muda mrefu kulikumbuka," akasema, akaandika.

Kisha akaenda kwake, nikawa nasikia.

"Mama, huyu uliyekuja naye anaitwa nani?"

"Baba Kabula."

"Jina lake lenyewe."

"Ndiyo hilo. Ni baba wa wajukuu zangu."

"Lile la kwenye kitambulisho, mama yangu."

Nikasikia kikapu kinasogezwa. Halafu akasema pole pole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta, "Hilo mdomoni mwangu halipiti, ng'wanawane," yaani mwanangu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga kelele kutoka kule nilipo, "Mwambie Shija! Sema tu, mama!" Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Yule kijana akatoka, akaufunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba kumfundisha mjane majibu ni kosa.

Nikamweleza yote, mbuzi, miiko, kikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Naelewa mzee, kila kabila lina mila zake. Lakini juzi nimeelezwa mila nyingine hapa hapa, na ulikuwa uongo mtupu. Mimi nikikosea, naulizwa." Akagonga gonga faili kwa kidole. "Cheti cha marehemu ni kizuri. Ila shahidi hajathibitika. Mleteni mtoto wake wa kumzaa."

"Lini? Si leo ndiyo mwisho?"

"Awamu nyingine, kama itakuwepo. Mtaitwa."

Faili letu likawekwa kwenye rundo la kushoto. Lile la kulia, la waliopita, lilikuwa kubwa, la kushoto dogo. Mama mkwe alirudishiwa kopo lake, akalifungua, akahakikisha cheti kimo, akalifunga. Kisha akalitia kikapuni, akatangulia kutoka.

Nilimchukia yule kijana kwa kama saa moja. Baadaye nikakosa namna ya kuendelea kumchukia. Alichokiona ni wazee wawili wasiojuana, na ukweli ni kwamba tulikuwa hatujuani.

Kurudi

Kesho yake asubuhi basi la Bariadi lilikuwa limejaa. Vilibaki viti viwili vya mwisho kabisa, vya pamoja. Mama mkwe akatangulia akakaa. Nikasimama katikati kama kawaida yangu, natafuta Msukuma wa kunibadilishia.

"Shija."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa ananitazama usoni, kanga iko mabegani. Akakigonga kiti kwa kiganja.

"Shija, kaa."

Nikakaa. Tulipouacha mji akafungua kikapu, akatoa matobolwa, akanipa kipande, chake akakitia mdomoni mbele ya macho yangu. Ndipo nilipoyaona meno yake. Yamebaki machache, anatafunia upande mmoja.

"Mzee alikwambia ulete mbuzi," akasema.

"Aliniambia, mayu."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

Akatikisa kichwa. Sikuona hasira, na heri ningeiona. "Na mimi nilikuwa namwambia akuache, mkwe wangu ana heshima. Tumeheshimiana mpaka watu wakaona hatujuani."

Nililia, sioni haya kulisema. Dada mmoja wa upande wa pili akanipa kitambaa akidhani tunatoka msibani. Mama mkwe akamwambia ndiyo, tumetoka msibani. Pale Sekenke akanionyesha nilipokuwa nimesimama juani na kanga kichwani, na hapo tukacheka kidogo, mara ya kwanza na ya mwisho kwenye safari hiyo.

Dutwa

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka mbuzi Nkoma, beberu mweupe, mkubwa kuliko yule niliyekuwa nakwepa kumnunua. Wazee walikuja, mama akapika, tukala sahani moja. Kila mtu alisema maneno mazuri. Kiti cha mzee kilikuwa pale, kitupu.

Nimepiga ile namba waliyotupa mara nyingi. Wanajibu vizuri, faili liko kwenye uhakiki, na awamu ambayo Minza angekwenda haijatangazwa. Vijana wa Rukwa tuliwapata mwishowe, wakasema watakuja ng'ombe wakitulia. Mama hakuwa na pesa za kuikarabati nyumba yake iliyochakaa, na hakuweza kungoja imwangukie. Mwezi uliopita tumeufunga ule mji wa Nkoma, sasa anakaa kwangu, chumba cha uani, jambo ambalo mbuzi amelifanya liwezekane. Mnamwona hapa kibandani jioni, anachambua mchele. Kila Jumapili akitoka kanisani ananiuliza ni nani atapalilia kaburi, na kila Jumapili namwambia tutakwenda.

Anaitwa Mbuke Ngusa Limbu, mjane wa Sayi Luhende aliyepigana Vita vya Kagera. Siku hizi nalitaja jina hilo kila asubuhi nikimgongea mlango na uji, kwa sauti kubwa, bila kusita hata kidogo, na hakuna mtu mwenye faili anayenisikia.